Visiwa Vitatu, Meli Moja na Siku 49

Najua nimekuwa kimya. Mara ya mwisho niliandika juu ya kuhamisha hifadhidata bila kuzima seva, nikaahidi sehemu ya pili "wiki ijayo". Wiki hiyo imegeuka miezi miwili. Sikuwa mgonjwa, na wala sijafutwa kazi (bado). Nilikuwa napanga safari. Leo nawaeleza safari yenyewe, kwa nini imekula jioni nyingi kuliko mradi wowote niliowahi kuufanya, na kwa nini huenda ikaninyima cheo nilichokingojea kwa miaka mitatu.

Mtasema, hii si blogu ya teknolojia? Ndiyo. Vumilieni kidogo, maana mambo yote yalianzia kwenye msimbo.

Mwaka jana nilikuwa nashughulikia mfumo wa kupanga zamu za wafanyakazi walio katika nchi mbalimbali. Siku moja tukapata malalamiko ya mtu aliyekuwa Samoa. Kila akijaza saa za kwao, fomu inamrudishia maandishi mekundu kwamba alichoandika si sahihi. Nikafungua msimbo nikitafuta wa kulaumu, nikakuta mstari wenye jina langu. Nilikuwa nimeandika kwamba tofauti ya saa lazima iwe kati ya -12 na +12. Nilipouandika sikuwa na shaka hata kidogo. Dunia ni duara, siku ina saa 24, basi 12 huku na 12 kule. Nani atabisha?

Samoa inabisha, maana iko kwenye +13. Visiwa vya Line vya Kiribati viko kwenye +14. Visiwa vya Chatham vya New Zealand viko kwenye +12 na dakika 45. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta, na mfumo wangu ulikuwa unawaambia watu halisi kwamba mahali wanapoishi hapapo.

Kurekebisha kulinichukua dakika tano. Kusoma kulinichukua usiku mzima. Kama hujui, karibu kila simu na kompyuta unayoitumia ina ndani yake hifadhidata ya saa za dunia, ambayo sisi waandaaji programu huiita tz. Ilianzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, leo inasimamiwa na Paul Eggert na watu wanaojitolea, na tangu 2011 imehifadhiwa chini ya IANA. Utamu wake uko kwenye maelezo yaliyoandikwa kati ya mistari ya data, ambapo watu wanabishana juu ya nani alibadili saa lini na wapi. Ukiyasoma unapata historia ya dunia nzima iliyoandikwa na watu wasio wanahistoria.

Humo ndimo nilipokutana na jina Pacific/Fakaofo.

Fakaofo ni kisiwa kimoja kati ya vitatu vya Tokelau. Mwishoni mwa 2011, Samoa na Tokelau ziliamua kuhama upande wa mstari wa tarehe, ili siku zao za kazi zilingane na za New Zealand na Australia ambako biashara na jamaa zao wako. Watu walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba, wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa tarehe 30 Desemba 2011 haikuwapo kabisa huko. Mwaka uliofuata, 2012, ndipo kosa lingine lilisahihishwa. Hifadhidata ilikuwa imeiweka Tokelau mbele kwa saa moja nzima, +14 badala ya +13, na kabla ya kuhama -10 badala ya -11. Kompyuta zetu zote, pamoja na zile za wajuzi kuliko mimi, zilikuwa zinakosea saa ya nchi nzima na kazi ikaendelea kama kawaida.

Hilo lilinikaa moyoni. Mahali gani hapo ambapo dunia inaweza kukosea saa yake na asitokee wa kupiga kelele?

Halafu nikakumbuka kwamba naijua Tokelau kwa jina lingine. Ukiwa mwanafunzi usiye na pesa, huenda nawe uliwahi kuwa na jina la kikoa la bure linaloishia na .tk. Tovuti yangu ya kwanza ilikuwa huko, ukurasa mmoja wa kukokotoa alama za muhula, ambao niliusahau mpaka muda wake ukaisha. Hiyo .tk ni ya Tokelau. Kuna wakati ilikuwa na majina zaidi ya milioni 20, kwa nchi ya watu wapatao 1,500. Mengi yalitumiwa na matapeli, na mwaka 2023 usajili mpya wa bure ulisimama. Kwa hiyo nilikuwa nimekaa kwenye ardhi ya watu hawa, kwa namna fulani, kwa mwaka mzima, bila kuwauliza majina yao.

Hapo ndipo nilipofungua jedwali la Excel nikaliita "Tokelau".

Haya, kwanza tuielewe nchi. Tokelau iko kaskazini mwa Samoa, kama kilomita 500 baharini. Ni visiwa vitatu vya matumbawe: Atafu juu kabisa, Nukunonu katikati, na Fakaofo kusini. Kutoka Atafu hadi Nukunonu ni kama kilomita 90, na kutoka Nukunonu hadi Fakaofo kama 60. Kila kimoja ni pete ya visiwa vidogo vidogo iliyozunguka maji yaliyotulia, na nchi kavu yote ukiijumlisha ni kilomita za mraba 10 hadi 12. Hakuna mlima. Mahali pa juu ni mita chache tu kutoka usawa wa bahari. Ni himaya ya New Zealand na watu wake ni raia wa huko. Walipiga kura mara mbili kama wajitawale kwa ushirikiano na New Zealand, Februari 2006 na Oktoba 2007, na mara zote mbili wengi walisema ndiyo lakini hawakufika theluthi mbili zilizohitajika. Mara ya pili walipungukiwa na kura 16. Kumi na sita! Kwetu hiyo ni foleni ya matatu moja.

Uwanja wa ndege haupo. Ndiyo, umesoma vizuri. Unafika Apia, mji mkuu wa Samoa, kisha unapanda meli, na safari ni ya usiku na mchana, wakati mwingine zaidi. Meli inayobeba abiria inaitwa Mataliki, ilianza kazi mwaka 2016 na hubeba kama watu 60 kwenye safari ya kulala. Jina hilo ni la lile kundi la nyota ambalo sisi tunaliita kilimia. Nilipolijua nilifurahi peke yangu kama mtoto. Wahenga wetu waliziita hivyo kwa sababu ya kulima, wao wamezipa meli. Bandari nayo haipo. Meli husimama nje ya mwamba, na watu na mizigo hushushwa kwa vyombo vidogo vinavyopita kwenye upenyo wa matumbawe. Bahari ikichafuka, unasubiri.

Meli huenda takriban kila wiki mbili. Shikilia hapo, ndugu msomaji, maana kila kitu kinatoka kwenye mstari huo mmoja.

Mimi ni mtu wa kuboresha mambo, na ugonjwa huo hauishi ukifunga ofisi. Niliandika programu ndogo ya Python ya kunitafutia mpangilio bora. Nikaipa masharti: visiwa vitatu, ratiba ya meli, siku zangu za likizo. Ikanipa jibu kwa sekunde moja. Baki melini. Meli ikisimama shuka, zunguka saa chache, panda, nenda kisiwa kinachofuata. Visiwa vitatu ndani ya siku tano au sita, na likizo inabaki.

Nililitazama lile jibu kwa muda mrefu. Lilikuwa sahihi, lakini halikuwa na maana yoyote. Ningekuwa nimeenda nusu ya dunia ili kusimama ufukweni nikitazama watu wakipakua magunia ya mchele, kisha nipande tena nikiwa na picha. Kosa halikuwa la programu, lilikuwa la swali langu. Nilikuwa nimeiuliza niongeze idadi ya visiwa kwa siku, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee nilichojua kukihesabu.

Nikakumbuka safari moja ya chuoni, nilipokuwa Lamu kwa mafunzo ya kazi. Nilitaka kwenda Pate. Nikafika gatini asubuhi na mapema nikamwuliza nahodha tunaondoka saa ngapi. Akanijibu, "Maji yakijaa, mwanangu." Nikamwuliza tena, saa ngapi kamili? Akanitazama kwa huruma. Mkondo wa Mkanda haupitiki maji yakipwa, na Mtangawanda hufikiwi kwa kutazama saa ya mkononi. Nilikaa pale saa nne nimenuna. Wenzangu wa boti walikaa saa hizo hizo nne wakanywa kahawa, wakasuluhisha ugomvi wa mashamba na wakapanga arusi. Boti ilikuwa moja na maji yalikuwa yale yale, lakini ni mimi peke yangu niliyechelewa.

Nikafuta programu. Nikaanza upya kwa kalamu na karatasi.

Safari isiyo na haraka Tokelau ina kanuni moja tu: ukishuka kisiwani, meli inaondoka bila wewe, na unakaa hadi irudi. Kisiwa kimoja ni wiki mbili. Visiwa vitatu ni wiki sita, bila kuhesabu njia ya kutoka Nairobi. Sasa sheria ya kazi ya Kenya, ya mwaka 2007, inampa mfanyakazi si chini ya siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka. Mimi nilikuwa na siku 14 za zamani ambazo sikuzichukua, kwa sababu kila nikitaka kwenda kulikuwa na kitu kinachozinduliwa. Jumla siku 35 za kazi. Gawa kwa tano, ni wiki saba. Siku 49.

Mpango wangu wa kwanza ulijaza zote 49. Nilijivunia sana. Kisha nikajiuliza swali ambalo humwuliza kila mwanafunzi wa mafunzo anayeniletea ratiba: kitu kimoja kikichelewa, itakuwaje? Meli ikipata hitilafu injini, au dhoruba ikija. Februari na Machi 2005 kimbunga Percy kiliivuruga Tokelau, kwa hiyo hayo si mambo ya kufikirika. Na kuna jambo zito zaidi. Kila kisiwa kina hospitali ndogo, lakini mgonjwa mahututi hupelekwa Samoa kwa bahari. Hakuna ndege ya kumwokoa. Meli ikibadilishiwa njia kwa ajili ya mama anayejifungua vibaya, mimi na jedwali langu la Excel ni nani?

Basi nikakata kisiwa kimoja. Iliniuma kweli. Kwa siku tatu nilikuwa nakikata hiki, nakirudisha, nakata kingine. Mwishoni niliiacha Atafu, iliyo mbali zaidi, na mpango ukawa hivi: siku 6 za ndege kwenda na kurudi, siku 3 za Apia, siku 14 Fakaofo, siku 14 Nukunonu, bahari ikiwa ndani ya hizo, na siku 12 zisizo na chochote.

Hizo siku 12 ndizo zilizoniletea vita.

Mkubwa wangu kazini si mtu mbaya. Nilimpelekea mpango mzima, naye akausoma kama anavyosoma mipango yetu mingine, kwa kidole. Akasimama kwenye siku 12. "Na hizi ni za nini?" Nikamweleza kwamba ni za meli kuchelewa. Akauliza, na isipochelewa? Nikasema basi nitakuwa Apia, nimekaa. Akanyamaza. Kisha akaniambia bila ukali kwamba kiongozi wa timu atachaguliwa katika wiki hizo hizo, kwamba nilikuwa wa kwanza kwenye orodha, na kwamba hawezi kumpa uongozi mtu ambaye hatapatikana. Nikipunguza hadi wiki tatu, nafasi ni yangu. Nikienda wiki saba, ataelewa, lakini nafasi itaenda kwa mwingine.

Sikumjibu siku ile. Niseme ukweli, nilikaribia kukubali. Wiki tatu zinatosha kisiwa kimoja, nilijiambia. Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu: siku 6 za ndege, siku 14 za kisiwa, inabaki siku moja tu ya kusubiri. Siku moja, baharini! Kila asubuhi ningeamka nikitazama upeo wa macho kama meli inakuja. Mwili ungekuwa Nukunonu, akili iko gatini Lamu, imenuna.

Vita vya pili vilikuwa na baba. Nilimpigia simu Nakuru. Baba ni mwalimu mstaafu na anajua kwamba nimekuwa nikiweka akiba ya kiwanja. Bajeti yangu ya safari, pamoja na tiketi, viza ya kupitia Auckland, malazi na akiba ya dharura, ni shilingi 520,000. Akiba yangu ni 640,000. Piga hesabu mwenyewe kinachobaki. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wenzako wananunua mashamba, wewe wanunua mawimbi." Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza ni kitu gani kiko huko ambacho hakipo hapa.

Sikuwa na jibu zuri wakati ule, na sina hakika ninalo sasa. Lakini nilimweleza jambo moja ambalo nililisoma, liitwalo inati. Wanaume wakirudi kutoka uvuvi wa pamoja, samaki hawaendi kwa aliyewavua. Huwekwa chini, huhesabiwa, kisha hugawiwa kijiji chote kwa mafungu, kila familia kulingana na watu wake, akiwemo mjane na mzee asiyeweza kushika mshipi. Na jambo hili halijakaa kwenye vitabu tu. Linaishi pamoja na simu za mkononi na umeme wa jua. Mwaka 2012 waliweka paneli za jua zaidi ya 4,000 katika visiwa vyote vitatu, wakawa wanapata karibu umeme wao wote kutoka kwa jua, wakati awali walichoma dizeli inayoletwa kwa meli. Mwaka 2022 waliunganishwa na waya wa intaneti wa chini ya bahari. Nilimwambia baba kwamba nataka kuona mahali ambapo vitu vipya viliingia na mafungu ya samaki yakabaki. Sisi tunaotengeneza programu tunapenda kusema kwamba teknolojia ikija, ya zamani lazima yaondoke. Nimelisema hilo mwenyewe kwenye mikutano, kwa slaidi nzuri.

Baba akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Na wao wamekualika?"

Ndugu msomaji, katika wiki zote za kupanga, hilo lilikuwa swali bora kuliko yote, na sikuwa nimejiuliza.

Kumbe hata utaratibu wao unauliza hivyo hivyo. Huwezi kununua tiketi ukajitokeza tu. Lazima uombe kibali kupitia ofisi ya Tokelau iliyoko Apia, na kijiji unachokwenda kiridhie kupitia baraza lake la wazee, linaloitwa Taupulega. Lazima malazi yako yajulikane kabla hujaondoka. Hakuna benki wala mashine ya kutolea pesa, kwa hiyo unabeba dola za New Zealand mkononi. Mwanzoni nilikuwa nimeyaweka haya yote kwenye jedwali chini ya kichwa "vikwazo". Baada ya swali la baba nilikibadilisha kichwa.

Maana ukitazama historia, wana sababu. Mwaka 1863 meli za watafuta watumwa kutoka Peru zilifika katika visiwa hivi na kuchukua watu wapatao 250, karibu nusu ya wote waliokuwapo. Karibu hakuna aliyerudi. Sisi wa upande huu wa Bahari ya Hindi hatuhitaji kuelezwa maana ya chombo cha mgeni kutia nanga mbele ya kijiji. Nchi ya watu 1,500 ikiuliza unakuja kufanya nini, hiyo ni haki yake. Wengi wao hawako hata nyumbani. Sensa ya New Zealand ya mwaka 2018 ilihesabu Watokelau zaidi ya 8,000 huko. Kila nafasi nitakayokalia kwenye meli ya watu 60 ni nafasi ya mtu anayekwenda kumzika bibi yake, au kumwonyesha mtoto kijiji ambacho hajawahi kukiona.

Kwa hiyo niliandika barua, na barua hiyo imenishinda kuliko msimbo wowote. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili. Nilijieleza, nikataja shahada yangu, nikaahidi kuwatengenezea programu ya simu ya kusimamia ugawaji wa samaki. Naona aibu hata kuwaandikia haya. Watu wamegawana samaki kwa haki kwa vizazi na vizazi, halafu kijana wa Nairobi, ambaye hajawahi kugawa hata bili ya chakula bila ugomvi, anataka kuwawekea kitufe. Nikaifuta.

Rasimu ya pili ilikuwa ya unyenyekevu wa kupindukia, kama naomba msamaha kwa kuzaliwa. Nikaifuta. Ya tatu ilisema mimi ni mwandishi wa blogu na nitaitangaza nchi yao duniani. Wewe msomaji wangu unajua tuko wangapi hapa. Nikaifuta.

Ya nne ina sentensi chache. Nilisema mimi ni nani na natoka wapi. Nilisema kwamba niliwahi kuandika programu iliyosema saa yao haipo, na kwamba tangu hapo nimetaka kuwajua. Niliomba kukaa wiki mbili Fakaofo na wiki mbili Nukunonu, nikaeleza kwamba nitafuata desturi za kijiji, nitakwenda kanisani nikialikwa na nitafanya kazi nitakayopewa, na kwamba nafasi yangu melini ikihitajika kwa mwingine nitangoja safari nyingine, maana nina siku 12 za kungojea. Nikamalizia kwa neno moja la Kitokelau nililojifunza, fakafetai, yaani asante.

Nilipoisoma tena ndipo nilipoelewa zile siku 12 ni za nini. Nilikuwa nazitetea kwa mkubwa wangu kama akiba ya hatari, lugha ya ofisini. Lakini kwenye barua zilikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa mwenyeji. Mgeni mwenye haraka lazima mtu ampishe. Mgeni mwenye nafasi anaweza kupisha.

Basi nimefanya mambo matatu, kwa mpangilio huu. Jumatatu nilimwambia mkubwa wangu kwamba naomba wiki saba, na kwamba uongozi wa timu ampe mwenzangu tunayekaa naye meza moja, ambaye kwa kweli ana subira kuliko mimi. Alinitazama kidogo, akatia sahihi. Nilidhani ningejisikia shujaa. Nilijisikia mtu aliyeuza kitu na hajui bei yake. Usiku ule sikulala vizuri, na sitawadanganya kwamba sasa nalala.

Jumanne nilimpigia baba nikamsomea barua. Aliniambia niondoe neno moja la majivuno, nikaliondoa. Kuhusu pesa hajakubali na sidhani atakubali. Tulipatana jambo moja: kile kitakachobaki, shilingi 120,000, hakiguswi, na mwaka ujao kiwanja kinakuja kabla ya kisiwa chochote. Alipokuwa anakata simu aliniuliza huko sasa ni saa ngapi. Ilikuwa saa mbili asubuhi kwetu. Nikamwambia ni saa kumi na mbili jioni, wako mbele yetu kwa saa kumi. Akasema, "Kumbe leo yetu wameshaimaliza," akakata.

Jumatano nilituma barua.

Sijanunua tiketi. Sitanunua mpaka wajibu, na wanaweza kujibu hapana. Jambo hili marafiki zangu hawalielewi. Wananiambia nimeshapoteza cheo kwa ajili ya safari ambayo haijathibitishwa. Ni kweli. Lakini nimejaribu kupanga kwa njia nyingine, na kila mara naishia kwenye ile programu yangu ya Python, naishi melini, nahesabu visiwa.

Wakisema hapana, nitakuwa na siku 49 na nauli ambayo haijatumika, na baba atapata kiwanja chake mapema. Wakisema ndiyo, nitashuka kwenye kile chombo kidogo nikipita katikati ya matumbawe, na kwa wiki mbili sitakuwa na cha kuboresha.

Asubuhi nikiwasha kompyuta, kabla ya kufungua kazi, nafungua barua pepe. Leo hakuna kitu. Kule tayari ni jioni, pengine ofisi imeshafungwa. Nitatazama tena kesho, kesho ya kwetu, ambayo kwao itakuwa inaelekea kwisha.

Sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata inakuja. Sitasema lini.